Gobori Laini au la Mifereji, Mstari au Safu Nene: Kumchagulia Askari wa Mwaka 1810

Mtu anayesoma habari za vita vya Napoleon kwa mara ya kwanza hushangazwa na jambo moja: majeshi ya Ulaya yalikwisha kuijua bunduki iliyoweza kumpata mtu mmoja kwa umbali wa mita 200, na bado yaliwapa askari wao walio wengi bunduki isiyotegemewa hata kwa nusu ya umbali huo. Mshangao wa pili hufuata upesi, pale anapowaona askari hao hao wakisimama wima, bega kwa bega, mbele ya adui anayewaona waziwazi. Ni rahisi kuhitimisha kwamba majemadari wa wakati ule walikuwa wajinga au hawakujali uhai wa watu wao. Kwa miaka yote niliyosoma habari hizi nimezidi kusadiki kwamba hukumu hiyo si ya haki, na kwamba njia bora ya kuwaelewa ni kujiweka mahali pao na kulazimika kuchagua.

Basi tuchukulie kwamba ni mwaka 1810, kwamba serikali mojawapo ya Ulaya imekukabidhi vijana elfu moja wasiowahi kushika silaha, na kwamba unatakiwa uamue mambo matatu: utawapa bunduki gani, utawapanga vipi uwanjani, na utawapata na kuwaweka jeshini kwa masharti gani. Ulinganisho huu unaweza kumfaa mwalimu anayetafuta namna ya kulifundisha somo, mwandishi wa tamthilia ya kihistoria asiyetaka kumpa mhusika wake silaha isiyomfaa, au mchezaji wa vita vya mezani anayepanga jeshi lake dogo. Swali la bunduki nitalikalia kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa majibu ya yale mengine yamefichika ndani yake.

Magobori mawili ya Uingereza

Lugha yetu imebarikiwa maneno ya silaha hizi, kwa sababu bunduki za namna hii ziliuzwa Zanzibar na kubebwa na misafara kwenda bara kwa miaka mingi katika karne hiyo ya 19. Gobori ni bunduki inayojazwa kwa kupitia mdomo wa mtutu. Gumegume ni lile jiwe gumu linalotoa cheche. Mdeki ni ule ufito wa kushindilia. Bunduki zote mbili ninazozilinganisha hapa ni magobori ya gumegume, na zote mbili zilibebwa na jeshi moja, yaani la Uingereza, kwa hiyo tofauti zao haziwezi kuelezwa kwa kusema kwamba taifa moja lilikuwa na maarifa na jingine halikuwa nayo.

La kwanza ni lile ambalo askari wenyewe waliliita Brown Bess, na hasa aina yake iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, kisha ikapokewa na serikali mwaka 1797 kwa kuwa ilikuwa nafuu na rahisi kuunda. Mtutu wake ulikuwa na urefu wa sentimita 99, uzito wa bunduki nzima ulikaribia kilo 4.4, na tundu la mtutu lilikuwa na kipenyo cha milimita 19, laini kabisa kwa ndani. Risasi yake, tufe la madini ya risasi, ilikuwa na kipenyo cha milimita 17.5 tu. Pengo hilo la milimita moja na nusu lilikusudiwa: baruti ya zamani huacha masizi mazito, na risasi inayobana ingekataa kushuka baada ya mifyatuo michache. Gharama ya urahisi huo ni kwamba tufe lilitoka likigongagonga kuta za mtutu, na mwelekeo wake wa mwisho ulitegemea ukuta uliogongwa mwishoni.

La pili ni gobori la Ezekiel Baker, fundi bunduki wa London, lililoshinda majaribio ya Woolwich mwaka 1800. Mtutu wake ulikuwa mfupi, sentimita 76, wenye tundu la milimita 15.9 na mifereji saba iliyochongwa ndani, ikizunguka robo ya mzunguko kutoka kitakoni hadi mdomoni. Risasi ilivikwa kipande cha ngozi au kitambaa kilichopakwa mafuta ili ing'ang'anie mifereji, nayo ilitoka ikizunguka na kushika njia iliyonyooka. Baker mwenyewe aliandika kwamba alipiga risasi 34 kwa umbali wa mita 90 hivi na nyingine 24 kwa mita 180 hivi, akilenga ubao uliochorwa umbo la mtu, na zote zikampata. Hata tukikumbuka kwamba mwuza bidhaa huisifia bidhaa yake, askari waliofunzwa vizuri waliyakaribia matokeo hayo mara nyingi kiasi cha kuwatia hofu maofisa wa Ufaransa.

Linganisha hayo na maneno ya Kanali George Hanger, ofisa wa Uingereza aliyekuwa mpenzi mkubwa wa shabaha, aliyeandika mwaka 1814 kwamba bunduki ya kawaida ya askari, ikiwa haikuundwa vibaya, itampata mtu kwa mita 70, pengine 90. Kwamba aliyejeruhiwa kwa mita 140 na mtu aliyemlenga yeye amekuwa na bahati mbaya sana. Na kwamba kumlenga mtu kwa mita 180 ni sawa na kuulenga mwezi.

Hadi hapo uamuzi unaonekana mwepesi, lakini nakuomba usiutoe bado, kwa sababu askari wa Brown Bess hakuombwa ampate mtu mmoja. Aliombwa apige ukuta wa watu. Jeshi la Prussia, dola kubwa la Kijerumani la wakati ule, liliwahi kusimamisha kitambaa chenye upana wa mita 30 hivi na kimo cha mita 1.8, mfano wa askari wa adui waliojipanga, na kukifyatulia kwa bunduki laini. Kwa mita 70 hivi, asilimia 60 ya risasi zilikipata. Kwa mita 140, asilimia 40. Na kwa mita 200 na ushei, asilimia 25. Hizo ni takwimu za uwanja wa mazoezi, pasipo moshi na pasipo anayekujibu, na vitani matokeo yalikuwa duni mno. Lakini zinaonyesha kwamba dhidi ya ukuta wa watu kosa la kulenga kushoto au kulia halikuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa aliyekoswa alikuwa na mwenzake ubavuni.

Sasa tazama mikono ya askari kwa karibu. Alitoa kwenye mkoba wa ngozi fungu la karatasi lenye baruti na risasi, akalichana kwa meno, akamimina baruti kidogo kwenye kisahani kilicho kando ya mtambo na kukifunika. Akasimamisha kitako chini, akamimina baruti iliyobaki mtutuni, akatumbukiza risasi pamoja na karatasi yake, akachomoa mdeki, akashindilia, akaurudisha mdeki mahali pake, akainua bunduki, akavuta nyuma kile kidole cha chuma kilichoshika jiwe, akaielekeza na kufyatua. Kila fungu alilolichana lilimwachia chembe za baruti mdomoni, na shura, ile chumvi iliyomo ndani yake, ilimkausha koo hata akatamani maji kuliko kitu kingine chochote. Baada ya mifyatuo kumi uso ulikuwa mweusi, jicho la kulia likichuruzika kwa cheche na moshi wa kisahani, na mbele yake hakuona ila ukungu mweupe. Kijana aliyefundishwa kwa miezi michache aliweza kuyafanya haya yote mara tatu kwa dakika moja. Mwenye gobori la Baker, akiivika risasi ngozi na kuisukuma kwa nguvu kupita kwenye mifereji, alipiga mara moja, au mara mbili akiwa hodari. Mwanzoni walipewa hata nyundo ndogo za mbao za kuigongea risasi ianze kushuka.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Askari 600 wenye bunduki laini waliweza, angalau katika dakika ya kwanza, kurusha risasi 1,800. Wenye mifereji wakarusha kati ya 600 na 1,200. Ndani ya mita 70, mbele ya adui aliyesongamana, wingi ulishinda usahihi. Bunduki zote mbili zilikuwa na udhaifu uleule wa gumegume, ambalo lilikataa kutoa cheche takriban mara moja katika kila mara sita au saba hata katika hali ya ukavu, na mvua kubwa iliweza kuzinyamazisha kabisa.

Jambo la tatu, ambalo vitabu vya hadithi hulisahau, ni karakana. Mafundi wa Birmingham peke yao walikamilisha bunduki zaidi ya milioni moja na nusu kati ya mwaka 1804 na 1815, nyingi zikiwa laini, na sehemu kubwa ilipelekwa kwa washirika wa Uingereza huko Hispania, Ureno, Prussia na Urusi. Magobori ya Baker yaliyoundwa katika vita hivyo yalihesabiwa kwa makumi ya maelfu tu. Mifereji saba huchongwa taratibu, nayo huhitaji fundi ambaye hapatikani kwa amri ya serikali. Hata Napoleon, aliyekuwa na kila sababu ya kutafuta silaha bora, aliziondoa jeshini bunduki za mifereji mwaka 1807 kwa sababu ya uvivu wake wa kujazwa.

Askari wa mifereji alipotumiwa mahali pake, kazi yake ilikuwa ya ajabu. Tarehe 3 Januari 1809, wakati Waingereza wakirudi nyuma kwenda Corunna, bandari ya Hispania, katikati ya theluji, mtu mmoja wa kikosi cha 95, kikosi cha wenye magobori ya Baker na sare za kijani, Thomas Plunket, alilala chali kwenye uwanja ulio mbele ya daraja la Cacabelos, akaining'iniza mkanda wa bunduki kwenye mguu wake, na kumuua jenerali wa farasi wa Ufaransa, Auguste Colbert. Kisha akajaza tena na kumpiga aliyekimbilia kumsaidia. Hakuna askari wa Brown Bess aliyeweza kuombwa kazi ya namna hiyo. Na mashambulizi mengi ya Wafaransa katika Hispania yalifika mbele ya Waingereza yakiwa yamekwisha kupoteza maofisa na masajini wake kwa watu hao wa sare za kijani waliojibanza nyuma ya miti na mawe.

Lakini siku ya Waterloo, tarehe 18 Juni 1815, bunduki hiyohiyo ilionyesha upande wake wa pili. Shamba la La Haye Sainte, katikati ya uwanja, lilishikwa na batalioni ya pili nyepesi ya Jeshi la Wajerumani wa Mfalme, yaani Wajerumani waliomtumikia mfalme wa Uingereza, chini ya Meja Georg Baring, watu wasiozidi 400 hivi mwanzoni, wenye magobori ya Baker. Walilishikilia tangu mchana hadi kuelekea saa kumi na mbili jioni. Baring aliomba risasi mara kwa mara. Akaletewa askari wa kumwongezea nguvu, risasi hazikuja. Mapipa ya risasi za Brown Bess yalikuwapo kwa wingi jirani, lakini tufe la milimita 17.5 haliingii kwenye tundu la milimita 15.9. Watu wake walipobakiwa na risasi tatu au nne kila mmoja, kisha wakawa hawana hata moja, Wafaransa waliingia kwa mlango na kwa paa, na katika wale wa mwanzo, walioweza kurudi naye kwenye mstari walikuwa karibu 40 tu. Kila ninapofikia habari hii naamini zaidi kwamba bunduki haichaguliwi kwa kuitazama yenyewe tu; huchaguliwa pamoja na gari linaloifuata kwa nyuma.

Mstari, safu nene na mraba

Ukishachagua bunduki laini kwa walio wengi, umekwisha kuchagua nusu ya mpangilio wako, kwa kuwa silaha isiyomlenga mtu mmoja hudai iwekwe pamoja na mamia ya wenzake. Kilichobaki ni umbo la mkusanyiko huo, na hapa Uingereza na Ufaransa zilitofautiana kwa sababu zilizotokana na askari wenyewe.

Mstari wa Kiingereza ulikuwa na kina cha watu wawili. Batalioni ya watu 600 ilitanda kwa takriban mita 165, kila mtu akichukua kidogo zaidi ya nusu mita, na bunduki zote 600 ziliweza kufyatuliwa mbele. Safu nene ya Ufaransa, kwa muundo wa batalioni za kombania sita uliowekwa mwaka 1808, ilipangwa kombania mbili kwa upana na tatu kwa kina, na kwa kuwa kila kombania ilikuwa na kina cha watu watatu, kina chote kilikuwa watu tisa. Kwa watu 600 upana wake ulikuwa watu wasiozidi 70, na walioweza kufyatua bila kuwajeruhi wenzao ni wa mbele wawili, yaani kama bunduki 130. Ukiweka 600 upande mmoja na 130 upande wa pili, utajiuliza ni nani mwenye akili timamu angechagua safu nene.

Jibu ni kwamba safu nene haikukusudiwa kupigania risasi ikiwa katika umbo hilo. Ilikusudiwa kutembea. Mstari wa mita 165 ukivuka shamba lenye mitaro, kuta na matuta hupinda, hukatika na kuhitaji kusimamishwa kila mara unyooshwe, na wanaoweza kuunyoosha chini ya mizinga ni askari wa miaka mingi. Safu nene huwabeba vijana walioitwa jeshini juzi. Aliye katikati haoni adui, husikia ngoma na kugusana na wenzake, na ugusanaji huo humpa moyo. Hupita njiani upesi, na ikitishwa na farasi hujifunga kuwa mraba kwa muda mfupi. Ikikaribia, ilitakiwa ifunguke kuwa mstari kabla ya mapambano ya bunduki. Wafaransa walishinda nusu ya Ulaya kwa namna hiyo, kwa sababu mbele ya safu zao walitanguliwa na wingi wa askari wepesi waliotawanyika, wakimchokoza adui mpaka mstari wake unalegea. Pale Jena, tarehe 14 Oktoba 1806, askari wa Prussia wa Jenerali Grawert walisimama katika mistari iliyonyooka mbele ya kijiji cha Vierzehnheiligen kwa takriban saa mbili, wakipigwa na Wafaransa waliojificha nyuma ya kuta na bustani, na mifyatuo yao ya pamoja, iliyofanywa kwa nidhamu ya kusifiwa, ilikosa wa kumpiga. Mstari ulikuwa mzuri na ulikufa ukiwa mzuri.

Wellington, jemadari wa Uingereza, aliutumia mstari uleule akashinda, kwa kuwa aliongeza mambo mawili. Aliwaficha watu wake nyuma ya mgongo wa kilima, wasionekane wala kupigwa na mizinga, na mbele yao aliweka askari wepesi wengi wa kutosha kuwazuia wale wa Ufaransa wasiuguse mstari. Huko Ureno, pale Vimeiro mwezi Agosti 1808, na tena Bussaco tarehe 27 Septemba 1810, safu za Wafaransa zilipanda mteremko bila kujua mstari uko wapi, na zilipouona zilikuwa zimechelewa kufunguka. Mifyatuo michache ya pamoja, kelele, kisha singe, au beneti kama wengi wanavyoiita, zikashuka mbele. Watu wachache waliuawa kwa singe zenyewe. Wengi walikimbia kabla chuma hakijawafikia, na huo ndio uliokuwa ushindi uliotafutwa.

Udhaifu wa mstari una jina na tarehe. Pale Albuera, Hispania, tarehe 16 Mei 1811, brigedi ya Mwingereza, Luteni Kanali John Colborne, ilikuwa katika mstari, ikiwapiga Wafaransa kwa ubavu na ikielekea kushinda, wakati dhoruba ya mvua na mawe ilipofunika uwanja. Baruti zikalowa, macho yakazibwa, na wapanda farasi wa Poland wenye mikuki wakaja kutoka pembeni wakifuatana na wenzao wa Ufaransa. Katika dakika chache batalioni tatu za brigedi hiyo, zenye takriban watu 1,650, zilipoteza zaidi ya 1,200, waliouawa, kujeruhiwa na kutekwa. Mstari wenye kina cha watu wawili hauna mgongo.

Mraba ndio uliokuwa dawa ya farasi. Batalioni ilijifunga pande nne, waliotangulia wakipiga goti na kukita vitako vya bunduki ardhini, singe zikielekea juu na nje, na farasi, ambaye ana akili kuliko mpandaji wake katika jambo hili, hukataa kujitupa kwenye ua wa chuma. Alasiri ya Waterloo Marshal Ney wa Ufaransa alituma maelfu ya wapanda farasi mara kwa mara dhidi ya miraba ya Wellington, na hakuna uliovunjika. Mraba uliposhindwa ilikuwa kwa ajali zaidi kuliko kwa mbinu: pale García Hernández, tarehe 23 Julai 1812, farasi aliyepigwa risasi alianguka pamoja na mpandaji wake juu ya singe za Wafaransa na kufungua pengo, na Wajerumani wa Mfalme wakapitia humo. Lakini usiupende mraba kupita kiasi. Watu waliosongamana hivyo ni shabaha ambayo mpiga mzinga huiombea. Kikosi cha 27 cha Inniskilling, kilichosimama katika mraba karibu na njia panda ya Waterloo, kilipoteza zaidi ya nusu ya watu wake siku hiyo bila kuondoka mahali pake.

Kuhusu mizinga yenyewe sitakawia, kwa kuwa wewe mwenye watu elfu moja hukupewa hata mmoja. Itoshe kujua kwamba tufe zito la chuma liliruka na kudunda, likikata watu kwa kina, kwa hiyo liliidhuru safu nene kuliko mstari. Na kwamba kwa umbali wa mita 300 au pungufu wapiga mzinga walibadili wakatumia makopo ya marisau makubwa, yaliyotawanyika mdomoni kama mvua. Pale Friedland, tarehe 14 Juni 1807, Jenerali Sénarmont aliisogeza mizinga yake kama 30 hadi mita 120 hivi kutoka kwa askari wa Urusi na kuwafyatulia makopo hayo, na batalioni zikafutika zikiwa zimesimama. Ukikutana na hali hiyo, mpangilio bora ni ulio nyuma ya kilima.

Askari wa lazima na askari wa hiari

Uamuzi wa tatu ndio wa kwanza kwa uzito. Ufaransa, kwa sheria ya Jourdan ya mwaka 1798, iliwaandikisha kwa lazima vijana wa miaka 20 hadi 25, na kwa njia hiyo Napoleon alipata mamia ya maelfu, waliojifunza kazi njiani wakielekea vitani, wakichanganywa na wakongwe. Faida yake ni wingi, na tumaini la kupanda cheo ambalo mtoto wa mkulima hakulipata katika jeshi lingine lolote kubwa. Hasara yake ilionekana kadiri wakongwe walivyokwisha: askari wapya wasioweza kusimama katika mstari walilazimika kubanwa katika safu nene zaidi na zaidi, na safu nene zikazaa maiti wengi zaidi, na maiti wakaita vijana wengine.

Uingereza ilimtafuta askari wa kudumu kwa hiari, ingawa hiari hiyo mara nyingi ilikuwa ya mtu mwenye njaa aliyeonyeshwa pesa ya kujiandikisha. Alitumikia maisha yake yote jeshini, hadi sheria ya mwaka 1806 iliporuhusu mkataba wa miaka saba kwa askari wa miguu. Jeshi likawa dogo na ghali, lakini likapata muda wa kumfundisha mtu mpaka mikono ikajua kazi bila kuulizwa. Mstari wa watu wawili haukuwa siri ya Waingereza. Ulikuwa tunda la muda huo. Hata watu wa mifereji walikuwa tunda lake, kwani mafunzo ya jenerali Sir John Moore pale Shorncliffe, kambi ya Uingereza, kuanzia mwaka 1803 yalidai askari afikiri peke yake, apime umbali, na apigane akiwa na mwenzake mmoja tu karibu, mmoja akijaza wakati mwingine anangojea na bunduki iliyojaa.

Prussia iliyopigwa ilijaribu njia ya katikati. Ikiwa imebanwa na mkataba wa mwaka 1808 isizidishe askari 42,000, iliwaita vijana wachache wachache, ikawafundisha kwa muda mfupi, ikawarudisha nyumbani na kuwaita wengine, na mwezi Machi 1813 ikaongeza Landwehr, jeshi la raia. Kwa serikali maskini yenye adui mlangoni, naiona njia hiyo kuwa ya busara kuliko zote mbili.

Na upande wowote utakaouchagua, ujue ni nini kitakachowaua watu wako. Msafara wa Waingereza uliotua Walcheren, Uholanzi, mwaka 1809 ulipoteza watu 106 katika mapigano na takriban 4,000 kwa homa. Viatu, maji yaliyo safi na mahali pakavu pa kulala viliokoa watu wengi kuliko bunduki ya aina yoyote.

Ningechagua nini

Kama una miezi mitatu tu na vijana hao elfu moja, wape bunduki laini wote, wafundishe kujaza mpaka waweze kufanya hivyo gizani, wapeleke uwanjani katika safu nene, na uwafundishe mambo mawili tu ya umbo: kufunguka kuwa mstari na kujifunga kuwa mraba. Chagua mia moja walio wepesi na watulivu, uwatangulize mbele wakiwa wametawanyika, hata kama bunduki zao ni laini, ili yasiwapate yale yaliyowapata wenzao wa Prussia pale Vierzehnheiligen.

Kama una miaka miwili, chagua mstari wa watu wawili, na katika kila watu kumi mpe mmoja gobori la mifereji. Usiwape wote. Kikosi kizima chenye mifereji kitashindwa kumzuia adui aliyekwisha kufika mita 50, na kikosi kisichokuwa nayo hata moja kitapoteza maofisa wake kabla ya saa sita mchana. Watu hao mia moja wasimamiwe na ofisa wao, wapewe singe ndefu ya upanga kufidia ufupi wa mtutu, na wazoezwe kwa risasi za kweli, kwa kuwa shabaha haipatikani kwa kuigiza. Risasi zao, za bunduki yenye tundu la milimita 15.9, zipakiwe katika mapipa ya peke yake, yenye alama inayoonekana hata katika moshi, na gari la mapipa hayo liwekwe karibu nao kiasi kwamba ofisa akiita, wasikie.